Neno ni Amana

Mali ni ya namna nyingi. Iko mali ya shamba, iko mali ya duka, na iko mali ya maneno. Mali ya shamba huonekana kwa macho, na mali ya duka huhesabika kwa vidole. Lakini mali ya maneno haionekani wala haihesabiki mpaka mwenye nayo afungue kinywa au ashike kalamu. Kwa sababu hiyo, katika mali zote, hii ndiyo iliyo rahisi kudaiwa na asiyekuwa nayo. Mtu hawezi kujidai kuwa na mnazi asio nao, maana jirani atamwuliza: uko wapi? Lakini aweza kujidai kuwa na neno asilolijua maana, akalisema mbele za watu, wakamstahi, akaenda zake na heshima isiyo haki yake.

Swali ninalotaka kulichungua katika insha hii ni hili: mtu hupataje kuwa mwenyewe halali wa neno la lugha ya kigeni, na akiisha kuwa nalo ana wajibu gani kwa wenzake? Huenda likaonekana kuwa ni swali la wanasarufi, nalo si lao peke yao. Ni swali la adili. Kila mwaka wanafunzi wengi wa vyuo vyetu hutia nia ya kupanua msamiati wao wa Kiingereza. Hununua vitabu vyenye ahadi kubwa, hujiwekea desturi ya kukariri maneno 10 au 20 kila siku, na hushindana wao kwa wao kutafuta neno ambalo wenzao hawajapata kulisikia. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na yamkini msomaji anatazamia nije na fimbo kuwafukuza wanafunzi hao katika shamba la watu. Sina fimbo. Kujua lugha ya pili vizuri ni kuongeza chumba katika nyumba, na aongezaye chumba habomoi ukumbi. Nataka kusema tu jinsi ya kukijenga chumba hicho kwa mali ya halali, nami nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni, na wakati wa likizo nilirudi nyumbani pwani. Nilikuwa na daftari lenye jalada jekundu, na ndani yake nilikuwa nimekusanya maneno ya Kiingereza yapatayo 600. Sharti langu la kuliandika neno lilikuwa moja tu: liwe refu. Neno la silabi mbili sikuliandika. Niliona kwamba ni la watoto. Jioni, barazani, niliyamwaga maneno hayo mbele ya wazee. Hawakunielewa, na kwa kuwa hawakunielewa waliniona msomi.

Miongoni mwa wazee hao alikuwako mmoja, jirani yetu, ambaye nilimwita babu ijapokuwa hatukuwa na nasaba. Barabara ilikuwa inapanuliwa, na minazi yake 18 ilikuwa imeingia katika eneo la barabara. Alikuwa amekwisha kulipwa fidia ya minazi 7, akawa anangoja iliyobaki ihesabiwe. Siku moja aliletewa karatasi ya Kiingereza ya ukurasa mmoja, aitie dole gumba. Kabla ya kuitia aliniita. "Mjukuu wangu," alisema, "wewe ndiwe jicho letu. Nisomee."

Nilisoma. Maneno yote niliyajua ila moja, nalo lilikuwa fupi, lenye herufi tano: "waive". Halikuwamo katika daftari langu, maana lilikuwa fupi mno kustahili wino wangu. Kwa sauti lilifanana na neno jingine lenye maana ya kupunga mkono au kupeperusha. Nikawaza kwamba apeperushaye madai yake huyainua juu, yaonekane na wote. Nilisita kidogo, naye aliniona nikisita, akangoja. Ningaliweza kusema, "Babu, neno hili silijui." Sikusema. Nikamwambia: "Karatasi inasema kwamba umepokea fidia ya minazi 7, na kwamba madai yako mengine unayatangaza." Akashukuru, akatia dole gumba.

Maana ya neno lile ni kuiacha haki yako kwa hiari yako. Alipokwenda kudai fidia ya minazi iliyobaki, alionyeshwa dole lake mwenyewe. Minazi 11 ilikatwa bila malipo. Alirudi, akaniita, nami nilikwenda nikitetemeka. Walakini hakunitukana wala hakuinua sauti. Alisema: "Mjukuu wangu, ungaliniambia kwamba hujui, ningalikwenda kwa mwingine. Kutojua kwako kusingalinidhuru. Kilichonidhuru ni haya yako."

Nimeyafikiri maneno ya mzee yule kwa muda wa miaka mingi, na kila niyafikiripo huona kwamba yalikuwa hukumu ya haki. Alitenga vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Kutojua ni upungufu, na hapana mja asiye na upungufu. Kuficha kutojua wakati mwingine anategemea ujuzi wako ni dhuluma. Mtu asiyejua neno yu sawa na mtu asiye na fedha: hana lawama. Mtu asiyejua neno naye akajifanya kulijua yu sawa na mtu alipaye kwa fedha bandia: hasara humwangukia aliyempa imani.

Yuko atakayesema kwamba kosa langu lilikuwa la utoto, na kwamba dawa yake ilikuwa kujifunza maneno mengi zaidi. Jibu hilo ni nusu ya kweli. Kama ningalikuwa na maneno 6,000 badala ya 600, huenda neno lile lingalikuwamo. Lakini kwa kipimo nilichokuwa nacho lisingalikuwamo hata katika 60,000, maana nilipima maneno kwa urefu. Hapana budi basi tuulize kwanza: neno gani la Kiingereza lastahili kuitwa la daraja la juu, na kwa nini sisi wanafunzi wa lugha hiyo hudanganyika upesi tukadhani kwamba ni lile lililo refu?

Sababu yake imo katika tarikh ya Waingereza wenyewe. Mwaka 1066 William wa Normandy aliishinda Uingereza, na kwa muda wa karne kadhaa baada ya hapo wakuu wa nchi walisema Kifaransa, wanachuoni na makasisi waliandika Kilatini, na wakulima waliendelea na lugha yao ya asili. Lugha hizo tatu zilipochanganyika, Kiingereza kikawa kama nyumba ya orofa tatu. Kwa jambo moja la kuuliza, mkulima alikuwa na "ask", Kifaransa kikaleta "question", na Kilatini kikaleta "interrogate". Ng'ombe akiwa zizini huitwa kwa jina la Kiingereza cha asili, "cow", na nyama yake ikifika mezani huitwa kwa jina lililotoka katika Kifaransa, "beef". Basi neno refu likanukia utawala na elimu, na neno fupi likanukia jasho.

Msemaji wa Kiswahili asilione jambo hili kuwa geni. Sisi nasi tunasema kuuliza, kuhoji na kusaili. Tunasema kufa na kufariki. Maneno ya kwanza ni ya asili yetu ya Kibantu, na mengine yametujia kutoka katika Kiarabu. Kila mmoja wetu ajua kwamba askari huhoji na mtoto huuliza, na kwamba kuku hafariki. Hapana aliyetufundisha tofauti hizo kwa orodha; tulizinyonya katika maisha. Mwenye kujua tofauti hizi katika lugha yake amekwisha kupata nusu ya elimu ya kuzijua katika lugha ya wengine, lakini wengi huiacha akili hiyo mlangoni wanapoingia katika darasa la Kiingereza.

Wala Waingereza hawakukubaliana kwa urahisi juu ya maneno yao marefu. Katika karne ya 16 palikuwa na ugomvi mkubwa baina ya waandishi waliokuwa wakichota maneno ya Kilatini na Kigiriki kwa wingi, na wengine waliowacheka kwamba maneno yao yalinuka kidau cha wino. Thomas Wilson aliwashambulia wapenda maneno hayo katika kitabu chake juu ya ufasaha cha mwaka 1553. Pamoja na hayo mengi ya maneno yaliyochekwa yalibaki, kwa sababu yalitenda kazi ambayo mengine hayakuweza. Na mwaka 1604 Robert Cawdrey alitoa kamusi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Ilikuwa na maneno yapatayo 2,500, yote yakiwa maneno magumu, yakifafanuliwa kwa maneno mepesi kwa faida ya watu wasiopata elimu nyingi. Hili lafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi wetu anayeona haya: kamusi ya kwanza ya lugha hiyo ilitungwa kwa sababu wenyewe hawakuyajua maneno yao wenyewe, na njia iliyochaguliwa kuwasaidia ilikuwa kuligeuza neno gumu liwe jepesi.

Ama kwa wingi, hapana mtu aliyepata kuyamaliza. Kamusi kubwa ya Oxford, iliyokamilika mwaka 1928 baada ya kazi ya miaka mingi, ilifafanua zaidi ya maneno 400,000, na hata wahariri wake wasingaliweza kudai kwamba waliyabeba yote vichwani. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba anataka kujua maneno yote ya Kiingereza anataka kuinywa bahari. Lakini wataalamu wamepima kiasi cha maji kinachotosha safari. Michael West alitoa mwaka 1953 orodha ya maneno yapatayo 2,000 yatumikayo sana. Averil Coxhead alitoa mwaka 2000 orodha ya jamaa 570 za maneno yanayorudi mara kwa mara katika maandishi ya vyuo vikuu. Na kwa jamaa ya maneno maana yake ni neno pamoja na wanawe, kama vile "decide" na "decision". Naye Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba mtu ahitaji jamaa 8,000 au 9,000 ili asome riwaya au gazeti bila ya msaada. Ajifunzaye jamaa mbili tu kila siku atazimaliza zile 570 kabla ya mwaka kwisha. Haba na haba hujaza kibaba.

Walakini hesabu hizi zapima upana, hazipimi kina. Na msiba wa babu yule ulikuwa msiba wa kina. Liangalie neno "sanction". Katika sentensi moja lina maana ya kibali, na katika nyingine lina maana ya adhabu au vikwazo. Liangalie "oversight". Mara ni usimamizi, mara ni kosa la kupitiwa. Kamati iliyoundwa kwa ajili ya la kwanza yaweza kuanguka kwa sababu ya la pili. Maneno kama haya si marefu ya kutisha, na mwanafunzi aliyeyaandika katika daftari kwa maana moja moja atasema kwamba anayajua. Hayajui. Amejua jina la mtu, hakujua tabia yake. Neno la daraja la juu, kwa maoni yangu, ni neno lo lote, refu au fupi, ambalo kulikosea kwaweza kubadili haki ya mtu, ukweli wa jambo, au hukumu ya msomaji. Kwa kipimo hiki "waive" lilikuwa juu ya maneno yangu yote 600.

Iko habari moja ambayo yafaa kuwekwa kando ya habari yangu, ili tofauti yake inihukumu zaidi. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa katika Maryland, Marekani, mwaka 1818. Bibi wa nyumba moja ya Baltimore alianza kumfundisha herufi, mume wake akakataza, na mtoto yule akaendelea kujifunza kwa hila na kwa siri. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1845 aeleza kwamba alikuwa akisikia neno "abolition" likitajwa kwa hasira na mabwana: mtumwa akitoroka au ghala likichomwa moto, husemwa kwamba ni tunda la neno hilo. Alitaka kujua maana yake. Alifungua kamusi, nayo ikamwambia kwamba ni tendo la kukomesha. Lakini kukomesha kitu gani, kamusi haikusema. Hakuthubutu kuuliza, maana alijua kwamba ni jambo ambalo wakubwa hawakutaka alijue. Akangoja. Siku moja akapata gazeti lenye habari za watu wa majimbo ya kaskazini waliopeleka maombi ya kukomesha utumwa katika mji mkuu, na biashara ya watumwa baina ya majimbo. Hapo neno lilifunguka. Mwaka 1838 alitoroka utumwani, naye akaishi kuwa mmoja wa wasemaji wakubwa wa jambo lile lile ambalo jina lake lilimsumbua utotoni.

Mafundisho ya habari hii ni mawili. La kwanza ni la njia: kamusi ilimpa Douglass ufunguo, lakini mlango ulikuwa katika gazeti. Maana kamili ya neno hukaa katika sentensi, na sentensi hukaa katika mambo ya watu. La pili ni la adili. Douglass hakuuliza kwa sababu kuuliza kungalimtia hatarini, na hata hivyo hakujifanya anajua. Alilibeba neno lake kama swali mpaka lilipojibiwa. Mimi sikuwa na hatari yo yote ya kuuliza. Mwalimu wa shule ya msingi alikaa hatua chache kutoka barazani petu. Kitu kilichonizuia ni hofu ya kupungukiwa na sifa ambayo tangu awali haikuwa yangu.

Wengine watalipinga jambo hili kwa upande mwingine. Watasema: ikiwa maneno makubwa huleta majivuno na madhara, si afadhali kuyaacha kabisa? George Orwell hakushauri katika insha yake ya mwaka 1946 kwamba neno fupi likitosha refu lisitumike? Alishauri hivyo, na shauri lake ni jema kwa mwandishi. Lakini mwandishi hujichagulia maneno yake, na msomaji huchaguliwa na wengine. Hakuna amri ya Orwell itakayomzuia mtu kuandika neno gumu katika hati utakayoletewa kutia sahihi. Katika sheria za jinai za Tanzania, kama zilivyorithiwa kutoka Uingereza, "murder" ni kuua kwa kukusudia na "manslaughter" ni kuua bila kukusudia: la kwanza laweza kumfikisha mtu kwenye hukumu ya kifo, la pili halimfikishi huko. Ye yote atakayesema kwamba maneno haya ni mapambo matupu ya wasomi na akasimame kizimbani. Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, nami nililifurahia badiliko hilo kama mwalimu na kama mjukuu wa babu yule. Lakini mikataba, bima, maelekezo ya dawa na hati za mikopo zinaendelea kutufikia kwa Kiingereza. Anayedharau kujua maneno hayo huwaachia wengine wamsomee maisha yake.

Basi tumefika mahali ambapo makosa mawili yamesimama pande mbili za njia. Upande mmoja yuko mwenye kukusanya maneno ili aonekane. Upande wa pili yuko mwenye kuyakimbia maneno ili astarehe. Wa kwanza hufanana na debe tupu lisiloacha kutika, na wa pili hufanana na mtu aliyefumba macho ili asione deni lake. Katikati yao iko njia ya amana. Amana ni kitu ulichowekewa na mwenzako, nawe wapaswa kukijua, kukitunza, na kukirudisha kitakapotakiwa. Neno nalo ni hivyo. Halikubuniwa nawe; umelipokea kutoka kwa wengi walio hai na waliokufa. Kwa hiyo naona kwamba kila neno unalojifunza lina haki tatu juu yako.

Haki ya kwanza ni kuulizwa. Usipite juu ya neno usilolijua kama mtu apitaye juu ya shimo lililofunikwa kwa majani. Ulitie alama, ulitafute katika kamusi, kisha ulifuate katika maandishi mpaka ulione katika sentensi tatu au nne zilizoandikwa na watu mbalimbali. Samuel Johnson aliielewa haki hii. Katika kamusi yake ya mwaka 1755 hakutosheka na kueleza maana ya maneno. Aliyaonyesha katika sentensi nyingi alizochota kwa waandishi wa lugha yake. Malcolm X naye, alipokuwa kifungoni katika Massachusetts mwishoni mwa miaka ya 1940, alianza kuinakili kamusi kwa mkono wake kwa sababu aliona uchungu kwamba hawezi kuyaandika katika barua mambo aliyoyataka. Watu husimulia habari ya kamusi wakaishia hapo. Husahau kwamba baada ya kamusi aliingia katika vitabu, akasoma mchana na usiku, na vitabu ndivyo vilivyoyapa uhai maneno aliyoyanakili.

Haki ya pili ni kufafanuliwa. Neno lo lote la Kiingereza ambalo huwezi kulieleza kwa Kiswahili chepesi, mbele ya mtu asiyejua Kiingereza, bado si lako. Najua pingamizi litakalotolewa: yako maneno yasiyo na wenzao katika Kiswahili. Ni kweli, lakini mimi sikutaka neno kwa neno. Nataka maana, na maana yaweza kuelezwa kwa maneno kumi ikiwa moja halitoshi. Mtu akikuuliza "integrity" ni nini, huna haja ya kubabaika baina ya uadilifu na uaminifu. Mwambie kwamba ni hali ya mtu ambaye nje yake na ndani yake ni kitu kimoja, naye hafanyi gizani asilolifanya mchana. Ukiweza kusema hivyo, neno umelipata, na Kiswahili chako nacho kimepata mazoezi. Hapa ndipo ninapowaambia wanafunzi wangu kwamba njia ya kuelekea katika Kiingereza cha juu hupitia katika Kiswahili cha juu. Mwenye mizani dhaifu nyumbani hawezi kupima bidhaa za ng'ambo.

Haki ya tatu ni kuachwa. Neno halikutakiwa kusemwa kila mahali kwa kuwa tu unalo. Tajiri mwenye adabu haendi msikitini wala kanisani akihesabu noti zake. Ukiwa na neno kubwa na msikilizaji wako hana, na jambo lenyewe laweza kusemwa kwa jepesi, liache lipumzike. Litakuja kuhitajika. Ujuzi uliotulia kifuani ni akiba, na akiba haiozi.

Waswahili husema kwamba asojua maana haambiwi maana. Nimeisikia methali hii ikitumiwa na wasomi kama ukuta wa kujitenga na watu, na kila niisikiapo hivyo huona kwamba inadhulumiwa. Mimi nimechagua kuishi kwa methali nyingine iliyo fupi na nyenyekevu, kwamba kuuliza si ujinga. Tena nadhani kwamba katika lugha zote mbili ninazozipenda, neno la kwanza la msamiati wa juu ni moja, nalo ni "sijui". Asiyeweza kulitamka hilo, maneno mengine 9,000 yatakuwa mzigo kwake na hatari kwa jirani yake. Awezaye kulitamka bila haya amekwisha kufungua mlango ambao maneno yote mengine yatapitia.

Babu yule amekwisha kutangulia mbele ya haki, na barabara imepita pale ilipokuwa minazi yake. Daftari lenye jalada jekundu ninalo mpaka leo. Usiku ule aliponihukumu nililifungua, nikavuka kurasa zote zilizojaa maneno marefu, nikafika penye karatasi nyeupe. Nikaandika "waive". Chini yake nikaandika sentensi nzima kama nilivyoikumbuka kutoka katika hati. Chini ya sentensi nikaandika maana yake kwa Kiswahili. Na pembeni, mahali ambapo wengine huandika tarehe, nikaandika tarakimu 11. Hilo ndilo neno la kwanza la Kiingereza ambalo naweza kusema kwa haki kwamba ni langu, na bei yake aliilipa mtu mwingine.